Kochi la Mama Mkwe Juu ya Tairi za Kashata

Safari hii ilianza kwa sharti. Mke wangu Zaina alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, na mama yake, anayeishi Kwaluguru kule Handeni, alitakiwa aje kwetu Masuguru, mjini Korogwe, amkande na kumlea kama ilivyo desturi. Mama mkwe akajibu kwa simu kwamba mgongo wake hauwezi tena pikipiki. Gari nalo lilikuwa halifiki kijijini kwao, maana mvua ilikuwa imebeba kalavati. Zaina alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwisho mama akasema, "Haya, nitakuja siku mtakayoniletea pikipiki yenye kochi," akakata simu.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa kwamba hilo ni jibu la hapana lililovalishwa nguo nzuri. Mimi nililichukua kama oda.

Naomba nijieleze kidogo. Naitwa Maganga. Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akakata mpaka akazeeka, nasi wajukuu tukabaki Korogwe tukijiita wenyeji. Nina kibanda cha mbegu na dawa za mifugo, na nina pikipiki ndogo ya miguu mirefu, ya aina ile wanayopewa mabwana shamba, inayokwenda lami na porini. Niliinunua kwenye mradi wa mbuzi wa maziwa ulipofungwa, na tangi lake bado lina picha ya mbuzi anayecheka. Ni pikipiki yenye sifa nyingi, ila kiti chake kilikuwa chembamba na kigumu kama benchi la mahakama. Ukikikalia nusu saa, unaanza kujiuliza kama umekuja na makalio yako au umeyaacha nyumbani.

Kuna jambo lingine ambalo nyumbani hatulisemi sana. Huyu alikuwa mtoto wetu wa pili. Wa kwanza hakukaa. Alizaliwa na kuondoka siku hiyohiyo, na mama mkwe alifika tumeshazika. Tangu hapo Zaina haogopi uchungu wala wauguzi wakali. Anaogopa kitu kimoja tu, kujifungua mama yake hayupo. Aliniambia hivyo akichambua mchele, bila kunitazama. Kesho yake nikaamkia gereji.

Gereji ya Fundi Ally iko pale pale Masuguru. Fundi Ally ana tabia ya kutokubali kazi moja. Ukimpelekea pancha, atakuuliza kama umeridhika na maisha ya pikipiki hiyo kwa ujumla. Nilimwambia nataka kiti kizuri cha nyuma, basi. Akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Unakwenda nayo wapi?"

"Kwaluguru."

"Kwaluguru ya kiangazi au ya sasa hivi?"

"Ya sasa hivi."

"Basi tatizo lako si kiti. Tatizo lako ni kila kitu kilicho chini ya kiti."

Akaanza kazi. Aliinua shokapu za mbele na za nyuma ili chuma kisigonge mawe. Akatoa tairi za lami akafunga za kashata, zenye meno makubwa. Akabadili sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, akaweka kubwa zaidi, pikipiki iwe na nguvu ya kupanda hata ukutani, ila alisahau kuniambia kwamba nguvu hiyo inalipwa kwa mwendo. Chini ya injini akafunga kipande cha pipa kuikinga na visiki. Kwenye usukani akanitengenezea vikinga mikono kwa dumu la mafuta ya kupikia, na ua la alizeti likabaki linaonekana, moja kila upande. Nilisema yatolewe. Akasema yanaleta heshima.

Kiti kilikwenda kwa Mama Upendo, jirani yetu anayeshona makochi. Alisikiliza habari yote akiwa na sindano mdomoni, kisha akauliza swali la kitaalamu.

"Mama mkwe wako ana umbo gani? Nijue upana."

"Sijui," nikasema. "Mkwe wangu simtazami."

"Hata kidogo?"

"Namjua kanga zake."

"Basi nitakisia," akasema Mama Upendo.

Hapo ndipo akili ingenijia. Haikunijia.

Jioni ya siku ya kazi kumalizika, kiti kilirudi. Mama Upendo alikuwa amekata sponji ya godoro, akaipandisha kwa tabaka, akaivalisha rexini, ile ngozi ya plastiki, ya rangi ya damu ya mzee na kuipiga vifungo kama kochi la harusi. Nyuma kulikuwa na kiegemeo kilichochomelewa kwenye keria, kimejazwa sponji pia. Zaina alitoka nje, akakiona, akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaenda ndani akaleta kile kitambaa chake cheupe cha kufuma, kinachokaa juu ya kochi letu la sebuleni, akakifunga kwenye kiegemeo. Alipomaliza hakuwa anacheka tena. Alikipigapiga kiti kwa kiganja. "Atakuja," akasema.

Kasoro ilikuwa moja ndogo. Kwa kuwa pikipiki ilikuwa imeinuliwa, stendi yake ya pembeni haikufika tena chini vizuri, na pikipiki ililala kila ilipoegeshwa. Fundi Ally akanipa nusu tofali niitegee. Ndivyo nilivyoondoka Korogwe, nimevaa begi mgongoni lenye kanga za zawadi, sukari, na nusu tofali.

Asubuhi ya safari palikuwa na ukungu juu ya milima, na mashamba ya mkonge yalikuwa yameloa. Nilivuka daraja la mto Pangani nikijisikia mtu mkubwa. Fahari hiyo ilidumu mpaka mteremko wa kwanza, ambapo mzee wa baiskeli mwenye matenga mawili ya nyanya alinipita, akapunguza, akaniangalia kwa huruma. "Limeharibika?" akauliza. Nikamwambia hapana, ndio mwendo wake. Akaniombea dua, akaenda zake. Tairi za kashata nazo zilikuwa zinanguruma kwenye lami kiasi kwamba mbwa walianza kubweka kabla sijaonekana.

Sindeni nilisimama kunywa chai, na hapo nikakumbuka tangi. Mama wa mgahawa aliitazama picha ya mbuzi, akanitazama mimi, akaita watu. Walikuja kina mama watano na mzee mmoja mwenye bakora.

"Mlituandikisha majina," mzee akasema. "Mkasema mbuzi wanakuja. Mabanda tumejenga. Mimi banda langu sasa nalala mwenyewe, mke wangu alinifukuzia humo."

Nikawaeleza kwamba mimi si mradi, nimenunua pikipiki tu. Hawakuniamini, maana watu wa mradi nao walizoea kusema si wao. Mwishowe niliondoka nimeahidi kufikisha salamu kwa watu nisiowajua, na mzee amenisindikiza hadi barabarani akinikumbusha kwamba yeye anataka jike.

Mchana nilikula wali maharage Chanika, mjini Handeni. Pikipiki ilianguka mara moja, tofali likiwa limetegwa kwenye mchanga. Kisha nikaacha lami, na hapo lazima nimpe Fundi Ally haki yake. Kwenye matope mekundu ambako bodaboda za kawaida zilikuwa zinasukumwa na wenyewe, mimi nilipita nimekaa kwenye vifungo vyangu kama mgeni rasmi. Mawe yaligonga pipa, miiba ikapiga alizeti, pikipiki ikapanda tu. Penye kalavati lililobebwa na maji, kijito kilikuwa cha kufika kwenye kifundo cha mguu. Nilivuka nikipiga mluzi.

Alasiri niliingia Kwaluguru. Nilizima pikipiki mbali kidogo na nyumba kama adabu inavyotaka, nikaitega kwa tofali, nikachuchumaa pembeni mwa ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," sauti ikajibu kutoka ndani. "Zaina hajambo?"

"Hajambo, mama. Anasema kochi limefika."

Mtu alichungulia dirishani, nikainamisha kichwa. Nikangoja muda ambao mtu angechemsha chai. Shemeji yangu Sefu, mdogo wake Zaina, akatoka akanisalimia, akalizunguka kochi, akabonyeza sponji. Shangazi mmoja akatoka, akatazama, akarudi ndani akiwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga. Ndani wakaanza kuongea Kizigua kwa sauti ya chini. Nililetewa maji, nikaletewa ugali na mlenda, nikala peke yangu. Hakuna aliyesema mama anakuja, wala haji.

"Shemeji, kuna tatizo?" nikamuuliza Sefu.

"Hakuna tatizo," akasema, akiangalia kuku.

"Kiti hakifai?"

"Kiti kizuri sana, shemeji." Akaendelea kuangalia kuku.

Aliyeniokoa ni Mhina, jirani yao, mtu wa makamo mwenye sauti ya mnadani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Mhina hajawahi kuniacha nipite bila kunilipisha kwa ajili ya babu zangu. Alifika, akaegemea mlingoti wa ua, akaitazama pikipiki kwa utulivu.

"Mnyamwezi," akasema, "babu zako walipita hapa wamebeba pembe za ndovu. Wewe umetuletea kochi. Ukoo wenu unashuka daraja."

"Mtani, leo niache. Nina jambo zito."

"Najua jambo lako. Hawa wanaona aibu kukwambia. Mimi ni mtani wako, aibu sina, na hata ningekuwa nayo nisingeipotezea kwako. Huyu ni mama mkwe wako. Ulikuja mpaka hapa, mtu mzima na ndevu zako, ukitaka apande nyuma yako akushike kiuno, mpite Chanika mchana kweupe watu wanawaona?"

Nilisikia joto kuanzia shingoni kwenda juu. Ndani ya nyumba mtu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mimi, ninayekula mbali naye, ninayechuchumaa nikimsalimia, ambaye sijui hata upana wake, nilikuwa nimetengeneza chombo cha kunibana naye kifua kwa mgongo kutwa nzima. Mimi na Fundi Ally na Mama Upendo, watu wazima watatu, tumepima shokapu na sponji, na hakuna aliyepima ukwe. Hiyo ndiyo hasara ya kuzaliwa mjini. Unaikumbuka heshima ukiwa umekaa, ukipanda chombo unaisahau.

Jibu lilionekana rahisi. Sefu ni mwanawe, Sefu aendeshe, mimi nifuate kwa njia yangu. Sefu akapanda. Sefu ni mfupi, na Fundi Ally alikuwa ameinua pikipiki kwa ajili ya mawe. Miguu yake ikaning'inia pande zote mbili. Alikwenda mita chache, akasimama, akatafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, hakuipata, akalala nayo kwenye bustani ya mchicha. Akajaribu tena, akalala upande wa pili. Mama mkwe akasema kutoka ndani kwamba ana mtoto mmoja tu wa kiume na bado anamhitaji.

"Basi wekeni kitu katikati," akasema Mhina.

Ilijadiliwa kwa kina. Mto ulikataliwa, kwa kuwa utabanwa uwe si kitu. Mtungi ungevunjika. Kuku kwenye tenga alipendekezwa na Mhina, nadhani kwa ubaya. Mwisho shangazi akatoa kiroba cha unga wa mtama, kilichoshiba vizuri, unga ambao mama alikuwa ameutwanga kwa ajili ya uji wa mzazi. Kilisimama wima, kilikuwa na mabega, kilikuwa na heshima zake. Kikapitishwa bila kupingwa.

Asubuhi iliyofuata tulipakia. Kochi, ambalo Mama Upendo alilikisia kwa watu wawili, lilikuwa na watu watatu. Mama mkwe alikaa nyuma akiegemea kitambaa cha kufuma, kanga imemfunika mpaka puani. Mbele yake, kwenye sponji bora kuliko zote, kikakaa kiroba, kimefungwa kamba kisije kikaanguka. Mimi nilisogea mbele, nikasogea tena, mpaka nikawa juu ya tangi la mafuta. Nilimkalia mbuzi. Mhina alitusindikiza akisema hajawahi kuona unga ukisafirishwa kwa daraja la kwanza.

Hatukuwa tumefika mbali nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kiroba, mwambie dereva hapo mbele kuna shimo."

Nilikwepa shimo. Nikatafakari kidogo, nikajibu, "Kiroba, mwambie mama nimeliona."

Tangu hapo mambo yakawa mepesi. Kiroba aliambiwa mwendo upunguzwe. Kiroba aliulizwa kama Zaina anakula vizuri, nikamweleza kiroba kwamba anakula udongo wa pemba na ndimu, kiroba akaambiwa nimkataze udongo. Kiroba aliulizwa mimi kwetu ni wa ngapi kuzaliwa. Miaka mitatu ya ndoa nilikuwa sijapata kuongea na mama mkwe wangu zaidi ya shikamoo, na sasa tulikuwa tunasimuliana habari za ukoo mzima, mradi unga uko katikati. Alikuwa mcheshi. Sikuwa najua.

Juu ya kilima kimoja mtandao ulirudi, simu ikaita. Alikuwa Mama Upendo. Aliongea haraka, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeulizia kiti.

"Maganga, Zaina ameshikwa. Uchungu umeanza usiku, tuko naye hospitali. Anauliza mama yake. Hajauliza kitu kingine."

Nilikata simu nikashika usukani juu ya mbuzi wangu. Ilikuwa mapema mno, wiki kadhaa kabla ya siku zake, na mimba ya kwanza ilikuwa hivyohivyo.

"Kiroba," nikasema, "mwambie mama Zaina ameshikwa na uchungu."

Nikasikia kiegemeo kikilia alipojiweka sawa. Kisha, "Kiroba, mwambie dereva aache kulihurumia kochi."

Niliendesha. Sitaeleza barabara ile kwa kuwa siikumbuki. Nakumbuka tu tulipofika kwenye kalavati lililobebwa, kile kijito nilichokivuka nikipiga mluzi hakikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha mahali fulani usiku, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita kwa haraka zake. Nikamshusha mama, nikakishusha kiroba, nikavunja fimbo nikaingia kupima kina.

Nilikuwa na maji ya magotini niliposikia anaongea. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, kiroba kando yake, uso ameuelekeza kwingine kabisa.

"Kiroba," alisema, "safari ile ya kwanza mgongo haukuniuma. Niliwaambia mgongo. Niliitwa mapema, nikajisemea ngoja nimalize kuvuna, mtoto wa kwanza huchelewa, ndivyo nilivyojua mimi. Nikafika wanarudi makaburini. Mwanangu hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Safari hii aliponipigia simu niliogopa kufika. Nikasema kochi, nikijua pikipiki haina kochi. Sikujua mwanangu ameolewa na mtu wa kwenda kulitengeneza."

Nilisimama ndani ya maji nimeshika fimbo. Nililia kidogo, nasema wazi, ila nilikuwa nimempa mgongo na uso wangu ulikuwa umesharushiwa maji. Ningependa kusema nilijibu neno la hekima. Nilisema, "Kiroba, mwambie mama kina ni cha kupitika."

Hakikuwa cha kupitika sana. Upande wa pili alitokea baba mmoja wa Kimasai na ng'ombe wake, akakaa kututazama. Nilikifunga kiroba mahali pake ili nivuke navyo pamoja, nikaingia. Katikati ya maji tairi likapata jiwe, na ile pikipiki ndefu, yenye unga wote ule juu, ikaanza kuinama polepole, taratibu kabisa, kama mtu anayesujudu. Mimi nilibaki nimesimama. Kiroba alizama mpaka mabegani.

Baba yule akaingia majini, tukaivuta pikipiki pamoja mpaka ng'ambo. Kisha akarudi akamshika mama mkono akamvusha, jambo ambalo mimi nisingethubutu. Tulipokusanyika ukingoni, unga ulikuwa umeanza kuwa uji. Ulitoka kwenye kona za kiroba, ukashuka juu ya rexini, ukajaza mashimo ya vifungo kimoja baada ya kingine.

Baba yule alitazama kamba, akatazama kiti. "Huyu ni mgonjwa?" akauliza.

"Ni unga," nikasema.

"Mbona nyinyi mnakaa vibaya na unga unakaa vizuri?"

Mama mkwe alikuwa anakitazama kiroba. Unga ule aliutwanga kwa mkono wake, wa kumpa mwanawe nguvu. Akatazama barabara, akamwambia yule baba, "Chukua, baba. Wape ndama wako." Akaanza kufungua kamba mwenyewe.

Nilipiga kiki mpaka mguu ukaishiwa, injini ikakohoa maji, ikawaka. Mama akapanda, akajibana na kiegemeo huko nyuma kabisa. Mimi nikapanda mbele, nikarudi palepale juu ya tangi, juu ya mbuzi. Katikati yetu kochi zuri la rangi ya damu ya mzee likabaki tupu, lina uji. Hakuna aliyelikalia.

Tulifika Chanika kabla ya adhuhuri. Jana yake tulikuwa tumekubaliana mama apande Kosta kutoka pale, aende kwa raha kwenye lami. Kosta ilikuwepo, na abiria watatu ndani, na dereva wake amelala juu ya usukani. Mama mkwe akaitazama. Kiroba hakuwepo tena. Mama akaangaza macho mpaka akampata kondakta.

"Kijana, mwambie dereva wangu twende."

"Dereva yupi, mama? Wetu anapumzika, tukijaa tu tunaamsha."

"Huyo nyuma yako."

Kondakta akageuka akaniona nimekaa juu ya tangi, alizeti mkono huu na huu, nimetapakaa unga mpaka kwenye nyusi. "Bro," akasema kwa upole, "mama anasema twende."

Tukaenda. Lami yote ile tairi zilinguruma, na sproketi ya Fundi Ally haikunipa mwendo hata nilipoiomba kwa majina ya watu wema. Baiskeli hazikutupita safari hii, nadhani kwa kutuonea huruma. Sindeni yule mzee wa bakora alisimama barabarani kutuzuia, akamwona mama nyuma yangu, akadhani ndiye mkubwa wa mradi, akavua kofia. Karibu na daraja la Pangani lori lilitupita na upepo wake ukatuyumbisha, na nikahisi kola ya shati langu imeshikwa kwa nguvu. Haikuachiwa mpaka mjini. Sikuisemea, hakuisemea, na hata leo hakuna aliyeshika kola ya mtu.

Hospitalini mama aliruka kabla sijasimama. Nilitafuta tofali, nikaona nachelewa, nikaiacha pikipiki ianguke. Muuguzi mlangoni alimwona mama mkwe, matope magotini na uji kiunoni, akafungua mdomo akatae. Kisha akamwangalia usoni. "Nawa miguu, mama," akamwambia, "uje umshike mkono. Amemkataza mtoto asitoke mpaka ufike, sijui kama mnasikilizana kwa simu." Mama Upendo alikuwa kwenye benchi la nje, akanikalisha kando yake. Aliuliza kama kiti kilikuwa na upana wa kutosha. Nilimwambia hakikutosha hata kidogo, na kwamba kilikuwa kizuri mno.

Zaina alijifungua alasiri ile, binti, mdogo lakini mwenye sauti ya Mhina. Walikaa hospitali siku kadhaa mtoto apate uzito, nami nikatumia siku hizo kwenda kwa Fundi Ally kushusha shokapu. Alikasirika, akasema naua kazi ya sanaa. Stendi sasa inafika chini. Kochi nimelibakiza, ingawa vifungo vya mbele vilitoa harufu ya togwa kwa muda, na wateja wa dawa za mifugo walidhani nimeanza biashara nyingine.

Kwa atakayetaka kwenda Kwaluguru msimu wa mvua, nimejifunza haya: funga tairi za kashata, kinga injini kwa chuma, usiinue pikipiki kuliko shemeji zako, na kabla ya kupima sponji uliza nani atakaa karibu na nani. Nimejifunza pia kwamba mtu akikupa sharti lisilowezekana, si lazima iwe hataki. Pengine anaogopa, na anangoja aone kama kuna mjinga wa kulitimiza.

Siku waliyorudi nyumbani nilikaa uani, nimenawa, nimevaa shati safi. Mama mkwe akatoka ndani na mtoto. Alitembea ametazama upande wa ukuta, kanga imefunika uso kama kawaida, akafika nilipokaa, akainama, akamweka binti yangu mapajani bila mikono yetu kugusana. Hakuondoka. Akabaki amesimama palepale, akiutazama ukuta.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwambie baba yako, safari hii bibi amewahi."

Nilifungua mdomo nimtume mtoto na jibu, akaniwahi. Mtoto akalia, akalia sana, na mama mkwe akaitika, "Nimesikia."